Jina la biashara yako limeandikwa kwa nani?

Msomaji aliyezoea kufungua ukurasa huu akitafuta bei ya gunia la mahindi Kibaigwa au ya alizeti Singida atanisamehe. Wiki hii nazungumzia mali isiyopimwa kwa kilo wala kwa debe, isiyokaa ghalani, isiyotozwa ushuru wa mazao, na ambayo hata hivyo ikipotea huweza kumrudisha nyuma mfanyabiashara mdogo sawasawa na msimu wa ukame. Mali hiyo ni jina. Nakusudia lile jina ambalo mteja huliandika kwenye simu au kompyuta ili aifikie tovuti ya biashara yako, na ambalo hukaa mwishoni mwa anwani yako ya baruapepe. Wataalamu huliita kikoa. Vijana wa mjini husema domeni.

Maoni yangu ni kwamba wafanyabiashara wadogo wengi wa kanda hii ya kati wanadhani wana kikoa, kumbe wamepangishwa na fundi wa kompyuta bila wao kujua. Nasema hivyo kwa sababu yamenifika nyumbani.

Shangazi yangu analima zabibu Mpunguzi, kusini mwa mji, kwenye barabara ya Iringa. Kila anayezijua zabibu za Dodoma anajua taabu yake: zinavunwa mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba, na zikishaiva hazimsubiri mtu. Viwanda vya mvinyo vikijaa, mkulima huuza kwa bei yoyote atakayotajiwa au huziacha zioze. Ndiyo maana mwaka 2021 shangazi na akina mama wenzake walianza kukausha zabibu na kuzifunga kwenye pakiti. Walimwendea kijana mmoja mwenye ofisi ndogo mjini, akawatengenezea tovuti yenye kikoa cha .com na anwani mbili za baruapepe. Malipo yakafanywa kwa awamu mbili. Lebo zikachapwa, na chini ya picha ya kichala cha zabibu ikawekwa anwani ile.

Mimi ndiye niliyeletewa stakabadhi niikague. Nilikuwa nimetoka chuo na shahada ya biashara ya moto moto, na shangazi akaniambia, "Mwanangu, wewe umesoma, tazama kama hatujapunjwa." Nikajumlisha tarakimu, nikaona ziko sawa, nikamrudishia. Sikuuliza kikoa kimesajiliwa kwa jina la nani. Katika miaka yote ya kusoma uhasibu, masoko na sheria ya mikataba sikukumbuka hata mara moja kufundishwa kwamba hilo ni swali.

Kilikuwa kimesajiliwa kwa jina la kijana yule, kwa baruapepe yake na kwa namba yake ya simu. Mwaka 2023 alihamia mkoa mwingine na kubadilisha namba. Taarifa za kukumbusha malipo ya mwaka zilikwenda kwake, si Mpunguzi. Muda ukapita, kikoa kikarudi sokoni, na mtu mwingine kabisa akakichukua. Tulipompata kwa baruapepe alitutajia dola 600. Lakini hasara kubwa zaidi ilikuwa imekwisha kutokea. Mnunuzi wa Dar es Salaam, aliyekuwa akipeleka bidhaa kwenye hoteli, aliagiza mzigo wakati wa mavuno ya Agosti. Barua yake ikamrudia. Akadhani kikundi kimevunjika, akanunua kwingine. Zabibu ambazo zingekaushwa kwa ajili yake zikauzwa mbichi kwa walanguzi, na maboksi ya lebo yakabaki yamepangwa chini ya kitanda cha shangazi.

Sikumlaumu sana yule fundi. Hakuiba. Alifanya kama mafundi wengi wanavyofanya: anaingia kwenye akaunti yake mwenyewe, ananunua vikoa vya wateja kumi kwa mkupuo mmoja, na wote wanakuwa chini ya jina lake. Kwake ni wepesi wa kazi. Kwa mteja ni hatari asiyoiona.

Wakazi wa Dodoma ndio wangepaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko Watanzania wengine. Tangu mwaka 1973, serikali ilipoamua kuhamishia makao makuu hapa, hadi Mei 2017 ilipovunjwa, CDA ndiyo iliyoshika ardhi ya mji huu. Watu walijenga, wakaishi, wakazaa watoto kwenye viwanja vile, lakini hati zao zilikuwa za miaka 33 tu chini ya hati ya CDA. Kelele tulizozisikia miaka yote hiyo zilihusu tofauti kati ya kukaa mahali na kuandikwa mahali. Kikoa nacho ni hivyo hivyo. Anayekitumia ni mmoja, aliyeandikwa anaweza kuwa mwingine, na siku ya ugomvi huulizwa aliyeandikwa.

Tena hata huyo aliyeandikwa hakimiliki milele. Kikoa hukodishwa kwa muda, kwa kawaida mwaka mmoja mmoja, na asiyelipa hunyang'anywa. Vikoa vinavyoishia na .tz vipo tangu mwaka 1995. Mwaka 2006 ilianzishwa tzNIC, kwa ushirikiano wa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na chama cha makampuni ya intaneti, TISPA, ili kuvisimamia. Mfanyabiashara huvipata kupitia wasajili waliokubaliwa, na gharama yake kwa mwaka ni makumi machache ya maelfu ya shilingi. Fedha hiyo haifiki hata ile anayotumia mwenye genge kununulia mifuko. Kwa hiyo asije mtu akasema jina linapotea kwa umaskini. Linapotea kwa kutojua.

Na wasiojua si wakulima peke yao. Desemba 1999 Microsoft, kampuni tajiri kuliko nchi nyingi, ilisahau kulipia passport.com, na watumiaji wengi wa Hotmail wakashindwa kuingia kwenye barua zao. Aliyewaokoa ni mtaalamu mmoja wa kompyuta Mmarekani, asiye mwajiriwa wao, aliyetoa dola 35 mfukoni mwake akalipa. Shangazi yangu hakupata msamaria wa namna hiyo.

Kwa faida ya wenye .com, utaratibu wa kupotea uko hivi. Muda ukiisha, msajili anaweza kukupa siku za huruma, hadi 45, lakini wengine hutoa pungufu ya hapo. Baada yake huja siku 30 ambazo bado unaweza kukikomboa, kwa ada kubwa zaidi. Kisha siku tano za kusubiri kufutwa, na hapo hakuna maombi yanayosikilizwa. Baada ya hapo ni cha atakayewahi. Wapo watu duniani wanaoishi kwa kuvizia siku hiyo ya mwisho, na kompyuta zao hazilali.

Sasa tuje kwenye kuchagua, maana wengi wanaoniuliza huanzia hapo, na hapo ndipo makosa ya kwanza yanapofanyika.

Mji huu umevamiwa na majina yanayofanana. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia kweli kweli, na Dodoma ikawa jiji Aprili 2018, kila anayefungua hoteli, duka la vifaa vya ujenzi au kampuni ya usafi anataka neno Dodoma, au Makao Makuu, au Capital. Tembea kutoka Majengo hadi Area C uhesabu vibao mwenyewe. Mwenye jina la namna hiyo anaona amepata jina kubwa, kumbe amejichanganya kwenye kundi. Mteja akimtafuta, kompyuta inamletea jirani zake ishirini.

Hapa pana mvutano wa kweli ambao siwezi kuumaliza kwa sentensi moja. Jina linaloeleza bidhaa, kama Mafuta ya Alizeti Singida, humfikisha mteja upesi kwa sababu ndilo neno analoliandika anapotafuta. Lakini jina hilo hilo ni gumu kulilinda. Sheria yetu ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986 inataka alama iwe na upekee. Neno linalotaja bidhaa tu au mahali inakotoka halimpi mtu mmoja haki ya kuwazuia wengine, na ni haki hivyo, maana alizeti ni ya wote na Singida ni ya wote. Jina la kubuni, au neno la kawaida lililowekwa mahali lisipotarajiwa, halimwambii mteja kitu siku ya kwanza, lakini likishazoeleka ni lako peke yako. Kwa biashara inayotaka kufika mwaka wa kumi, mimi nachagua hilo la pili, na maelezo ya bidhaa niyaweke kwenye kurasa za tovuti.

Jaribio la kwanza la kikoa kizuri haliko kwenye kompyuta, liko sokoni. Mpigie simu mtu aliye Majengo saa nne asubuhi, katikati ya makelele ya wachuuzi na honi za bajaji, umtajie mara moja tu, kisha umwombe akuandikie ujumbe. Akikosea, jina halifai. Kwa jaribio hilo vistari vyote vya katikati huanguka, na tarakimu nazo huanguka, kwa sababu hajui kama aandike mbili kwa herufi au kwa namba. Maneno ya Kiingereza yaliyopindwa tahajia ili yaonekane ya kisasa ndiyo huanguka vibaya zaidi. Vifupisho vya mtindo wa mashirika ya umma vinapona kidogo ikiwa vinatamkika. DOWICO na CETAWICO hutamkwa kama maneno, na labda ndiyo sababu yamekaa vinywani mwa watu. Lakini herufi nne zisizo na irabu hazimkai mtu kichwani.

Kiswahili kina faida hapa ambayo hatuithamini: kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mwingereza akisikia jina hana hakika nalo mpaka alione limeandikwa. Sisi tunasikia na kuandika. Hata hivyo tahadhari iwepo na herufi l na r, ambazo Watanzania wengi huzibadilishana. Jina lenye zote mbili ni la kuepuka, au basi usajili tahajia zote mbili. Na majina ya lugha zetu za nyumbani ni mazuri mno, lakini yajaribiwe nje ya nyumbani. Mgogo anayetaka kuita mgahawa wake Mbukwenyi, ile salamu ya heshima, anapendeza. Ila mteja wa Tanga atakayeisikia kwenye simu ataandika namna tatu. Tusisahau kwamba hata jina Dodoma, kwa masimulizi ya wenyeji, ni Idodomya, "pamezama", iliyoharibiwa na wageni walioandika walichodhani wamesikia.

Ukishalipata jina, kabla hujachapa hata lebo moja, litafute mahali pawili kwa siku ile ile: kwenye vikoa na BRELA, wakala wa usajili wa biashara uliopo tangu mwaka 1999. Nimeona watu waliosajili BRELA, wakachora gari, wakatengeneza mihuri, ndipo wakagundua kikoa chake kimechukuliwa. Wengine wamefanya kinyume chake.

Kusajili jina la biashara BRELA si kulinda alama ya biashara. Hilo la kwanza humwezesha mtu kufanya biashara kwa jina lisilo lake la kuzaliwa, basi. Alama ya biashara ni maombi mengine, ada nyingine, na hutolewa kwa aina ya bidhaa au huduma uliyoitaja. Ikikubaliwa hulindwa miaka saba ya kwanza, kisha hurudiwa kila miaka kumi. Tena inaishia Tanzania Bara. Anayeuza Zanzibar lazima asajili tena kule, kwa sheria ya kule. Mfanyabiashara wa viungo au vitenge anayevuka na boti kila mwezi angefanya vyema kulijua hilo kabla mwenzake wa Darajani hajalijua.

Kama kuna anayeona haya ni mambo ya Wazungu, akumbuke "hakuna matata". Disney iliomba maneno hayo yawe alama yake ya biashara Marekani mwaka 1994, mwaka ilipotoa filamu ya The Lion King, na ikasajiliwa mwaka 2003 kwa ajili ya nguo. Sisi tulizinduka mwaka 2018, malalamiko yalipopita mitandaoni. Usajili ule hautuzuii kusema hakuna matata, wala hauna nguvu hapa Dodoma. Lakini anayetaka kuuza fulana zenye maneno hayo Marekani ana la kujibu. Aliyewahi kwenye daftari ndiye anayeulizwa kwanza.

Wakubwa nao wamewahiwa. Mwaka huo huo wa 1994 mwandishi mmoja wa Marekani alijisajilia mcdonalds.com ili aonyeshe jinsi makampuni yalivyolala, na McDonald's ililipata jina hilo baada ya kutoa msaada kwa shule moja ya New York. Siku hizi kuna mahali pa kudai. Tangu mwaka 1999 upo utaratibu wa kimataifa wa kumnyang'anya aliyejisajilia kikoa kwa nia mbaya, na shirika la WIPO la Geneva husikiliza mashauri hayo, yakiwemo ya .tz. Lakini ada ya WIPO kwa shauri dogo kabisa, la msuluhishi mmoja, ni dola 1,500, na mdai lazima aonyeshe kwamba jina lilikuwa alama yake. Shangazi hakuwa na alama iliyosajiliwa, na dola 1,500 hakuwa nazo. Ndiyo sababu dola 600 za yule mviziaji hazikuwa kubwa wala ndogo. Zilipimwa vizuri zikae chini ya gharama ya haki.

Kuhusu .co.tz au .com, ushauri wangu ni kuchukua .co.tz kwanza, na .com ikiwa unauza nje au unapokea watalii wa Kondoa. Sababu moja ni kwamba ukigombana na msajili wa hapa unaweza kupanda basi ukamwone. Nyingine ni ya kisheria: Desemba 2016 waendeshaji wa JamiiForums walipofikishwa Mahakama ya Kisutu, shtaka mojawapo lilikuwa kuendesha tovuti yenye jina lisilosajiliwa katika .tz. Biashara ya zabibu kavu si JamiiForums, lakini sioni kwa nini mtu ajitafutie maswali. Kuna pia .africa, iliyoanza mwaka 2017. Ni nzuri, ila wateja wengi wa huku bado hawaijui.

Najua jibu la wengi: mimi nina Instagram na WhatsApp, kikoa cha nini? Ni kweli ndiko wateja waliko, na sisemi mtu aondoke. Nasema tu kwamba kule umepanga kwenye jengo la mtu. Oktoba 2020, wakati wa uchaguzi mkuu, mitandao kadhaa ya kijamii ilikwama nchini, na waliouza kwa mitandao pekee walikaa wakitazama simu. Akaunti nazo huibwa kila siku. Mwizi huanza kuwaandikia wateja wako "tuma kwa namba hii". Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtambua anayejifanya mtu mwingine kuwa mhalifu, lakini mteja aliyekwisha kutuma fedha hakumbuki sheria, anakumbuka jina lako. Mwenye kikoa chake ana pa kumwelekeza mteja: bei na namba halali ziko hapa, pengine pote ni uongo. Na tangu treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, mnunuzi wa Dar es Salaam anaweza kuja asubuhi akarudi jioni. Atakayekuja ni yule aliyekwisha kukuona kabla hajakata tiketi.

Kwa hiyo ukitoka kusoma hapa, mpigie fundi wako. Muulize kwa adabu kikoa kimesajiliwa kwa jina la nani, taarifa za malipo zinakwenda baruapepe ipi, na kinaisha tarehe ngapi. Asipojua tarehe, hiyo ni habari tosha. Mwambie abadilishe, akuwekee wewe au kampuni yako kuwa mwenye jina, yeye abaki kama fundi. Baruapepe ya usajili isiwe ile inayotumia kikoa hicho hicho, maana kikizimika na ufunguo umezimika. Mkataba uandikwe, hata wa nusu ukurasa, useme kikoa ni mali ya mteja tangu siku ya kwanza.

Kikundi cha Mpunguzi kimeanza upya kwa jina jingine, na safari hii kikoa ni .co.tz. Kimesajiliwa kwa jina la kikundi, na mihtasari ya kikao kilichopitisha hilo imesainiwa na akina mama watatu. Nilitaka kukisajili Juni, nilipokuwa na nafasi. Shangazi akakataa. Alisema Juni hakuna fedha kijijini, mwakani ada ikidaiwa watachangishana na mwisho watasahau. Tusubiri Septemba, zabibu zikiwa zimeuzwa. Tulisubiri. Karatasi ya usajili ameiweka kwenye sanduku la bati pamoja na karatasi za shamba, na lebo za zamani, kwa kuwa upande wa nyuma ni mweupe, wajukuu wanazifanyia hesabu.